Misumari Mdomoni

Kabla ya kuitwa Swali alikuwa akiitwa fundi tu, na kazi yake ilikuwa makochi. Si haya makochi ya siku hizi yanayokuja yamefungwa nailoni kutoka kwenye kontena, unayakalia mwaka mmoja na wa pili mbao inaanza kukusalimia mgongoni. Kochi la mkono wake lilikuwa na springi zilizofungwa kwa kamba moja moja, juu ya springi gunia, juu ya gunia makumbi ya nazi, juu ya makumbi sufi iliyochambuliwa kwa vidole, ndipo kitambaa. Mtu alilinunua akiwa bwana harusi, na wajukuu wakaja kulirukia. Waliojua kulitengeneza wamebaki wachache, na hao waliobaki hakuna anayewauliza kitu.

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye mlango wa bati, katika mtaa wa mafundi, kati ya mchomelea vyuma na mama mmoja aliyeuza vifungo na zipu. Nusu ya mbele ilikuwa ya Swali. Nusu ya nyuma, iliyojaa maranda mpaka kwenye vifundo vya miguu, ilikuwa ya shemeji yake, seremala wa fremu, mdogo wa mkewe aliyemfuata ziwa. Wawili hao walifanya kazi pamoja tangu nywele zao zikiwa nyeusi, na hawakuwahi kuandikiana mkataba. Fremu ikitoka nyuma inakuja mbele. Kochi likitoka mbele linakwenda kwa mwenyewe. Katikati ya hapo kulikuwa na utani.

"Shemeji, fremu hii uliitengeneza ukiwa umelala?"

"Nilikuwa macho kabisa. Lakini wewe ndiye utakayeifunika, kwa hiyo kaa kimya na ufunike."

Sasa, fundi makochi wa zamani alikuwa na mkono mmoja wa kuvuta kitambaa na mwingine wa kushika nyundo. Misumari, ile midogo yenye kichwa bapa, haikuwa na pa kukaa ila mdomoni. Unajaza shavu moja, kisha ulimi unageuza msumari mmoja mmoja mpaka kichwa kinatangulia kwenye midomo; nyundo yenye sumaku inakuja kuuchukua hapo, inaugonga mahali pake, inarudi kuchukua mwingine. Mtu aliyeizoea kazi hiyo hakuhitaji hata kutazama. Alikohoa, alisalimia wapita njia, na hakumeza msumari. Vijana wa leo wana bunduki ya pini inayopiga kama mvua ya mawe, na ukiwaambia habari ya misumari mdomoni wanakutazama kama umewaambia ulikula nyundo.

Ndani ya matumbo ya makochi hutoka mengi. Swali alishakuta vitana, vijiko, funguo za milango iliyokwisha kuvunjwa, na mara moja meno ya bandia. Siku moja, katika kochi la mpima viwanja mmoja, alikuta kaseti. Ilikuwa kaseti ya kujifunzia Kiingereza, na juu yake paliandikwa namba mbili, maana yake ilikuwa na mwenzake ya kwanza ambayo haikuonekana kamwe. Mpima viwanja alipokuja kuchukua kochi lake alisema bakini nayo, nyumbani kwake hakuna anayeisikiliza. Ikawekwa kwenye redio kaseti ya seremala, juu ya rafu, pembeni ya kopo la gundi.

Kwenye kaseti walikuwemo wanaume wawili. Mmoja alikuwa msafiri, na hajapata kuumbwa msafiri aliyepotea kama huyo. Alikuwa hajui kituo kiko wapi, hajui treni inaondoka saa ngapi, hajui chakula kinapatikana wapi, hajui mzigo wake aukabidhi kwa nani. Kazi yake ilikuwa kuuliza. Wa pili alikuwa mtu wa ofisini anayejua kila kitu, akijibu kwa maelezo marefu yenye adabu, kama anayesoma barua ya serikali.

Mashemeji hao wawili shule waliionja tu. Kiingereza walikuwa wamekisikia kupitia dirishani, wakati wenzao wakikisoma ndani. Basi wakaanza kuigiza kaseti wakiwa kazini, kwanza kwa mzaha, baadaye kwa bidii. Na kugawana sehemu hakukuhitaji majadiliano. Mtu mwenye misumari shavuni hawezi kusema maneno mengi. Maswali ya msafiri yalikuwa mafupi, yalipenya katikati ya misumari bila kudondosha hata mmoja. Majibu marefu yakamwangukia seremala, ambaye penseli yake ilikaa sikioni na mdomo wake ulikuwa mtupu siku nzima.

Ikawa hivyo miaka nenda, miaka rudi. Utepe ulilegea, ukakazwa kwa kalamu, ukakatika, ukaungwa, ukakatika tena, mwisho redio yenyewe ikafa. Wao wakaendelea kwa kichwa. Swali anauliza kwa Kiingereza huku anagonga, Jibu anajibu kwa Kiingereza huku anapiga randa. Mama wa vifungo ndiye aliyewapa majina hayo, na mtaa mzima ukayachukua. Wateja wageni walipopita, mambo yalikwenda vizuri ajabu. Swali aliwauliza wanataka rangi gani, kitambaa cha namna gani, wanakuja lini. Wao wakiuliza chochote, jibu lilitoka nyuma kwenye maranda. Kusalimia hawakujua, kwa sababu salamu zilikuwa kwenye kaseti ya kwanza. Lakini kati yao wawili walikuwa na Kiingereza kimoja kizima, na hawakuona kasoro yoyote. Mtu anayeishi na mkono wake wa kulia haendi kuuliza kama wa kushoto unaweza kuandika.

Kisha makontena yakaja. Makochi ya nailoni yakajaa madukani, na mtaa wa mafundi ukaanza kupoa. Mchomelea vyuma alihama. Wateja wakabaki wale wazee wanaotaka kiti cha marehemu kirekebishwe, na wazee nao wana mwisho. Wakati huo ndipo iliposikika habari ya kiwanda kipya cha samani za mahoteli. Kiwanda kilitaka mafundi. Maelekezo yote yangekuja kwa Kiingereza, mengine kwenye skrini, mengine masikioni, kutoka kwa wanunuzi walioko mbali. Kila fundi angesailiwa Kiingereza chake na kompyuta, peke yake, ndani ya chumba kilichofungwa.

"Peke yake," alisema Swali, kama mtu anayeonja chakula ambacho hakijaiva.

"Una wasiwasi gani?" alisema Jibu. "Tumeongea Kiingereza kuliko hao wenye kiwanda."

Jibu ndiye aliyetangulia kuingia. Hakukaa sana. Alitoka anapiga mluzi.

"Shemeji, ni kaseti yetu ile ile. Ila hii ni mwanamke, na hana habari za treni. Anauliza, unamjibu, basi."

Swali akaingia. Akavishwa vile vikombe vya masikioni, akakalishwa mbele ya skrini yenye picha ya mwanamke anayetabasamu ambaye hakuwa mtu. Mwanamke huyo alimuuliza jina, akalitaja. Akamuuliza anafanya kazi wapi.

Alielewa kila neno. Kichwani alisikia hata jibu lenyewe linavyopaswa kutoka, kwa sauti ya shemeji yake, pamoja na kelele za randa. Akanyamaza ili kumpisha, kama alivyompisha miaka yote. Lakini shemeji alikuwa nje kwenye benchi anakula karanga. Mwanamke wa kwenye skrini akarudia swali. Swali akajaribu kufungua kinywa, na kinywa hakikuwa na kitu. Akahisi hata shavu lake limepwaya. Mara ya tatu alipoulizwa, jasho likamtoka, na mdomo wake ukafanya jambo moja tu uliloliweza: kwa Kiingereza safi, kwa adabu zote, ukauliza treni inayofuata inaondoka saa ngapi.

Mwanamke akasema hakuelewa. Swali akamuuliza kama ndani ya treni kunauzwa chakula.

Matokeo yalitoka hapo hapo. Jibu alipata alama za juu kabisa, kwa rangi ya kijani. Swali alipata wekundu. Msichana wa mapokezi, ambaye hakuwa mbaya, alimwambia taratibu, "Baba, unaruhusiwa kurudi mara moja tu, kabla kiwanda hakijafunguliwa. Nenda ukajizoeze kidogo kujibu."

Njiani walitembea bila utani, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Kama hawakutaki wewe, na mimi siendi," alisema Jibu mwishowe.

"Acha upuuzi. Wanao bado wako shule. Utakwenda."

"Na wewe?"

"Mimi nina makochi yangu."

Wote wawili walijua hayo ni maneno tu. Jibu akiondoka, fremu zimeondoka. Fundi makochi asiye na fremu ni mtu aliyeshika koti lisilo na mvaaji. Na zaidi ya fremu, Swali hakuwahi kufanya kazi siku nzima bila sauti ya yule mtu nyuma yake. Hakujua kama inawezekana, na katika umri wake hakutaka kujua.

Nyumbani, mkewe aliisikiliza habari yote huku anachambua mchele, halafu akacheka mpaka akaweka ungo chini.

"Miaka yote hiyo mnabwabwaja, kumbe wewe ulikuwa unauliza tu?"

"Ndiyo mgawo ulivyokuwa."

"Mbona hata Kiswahili uko hivyo hivyo. Chai iko wapi, shati liko wapi, watoto wako wapi. Mimi ndiye nimekuwa Jibu humu ndani."

Kitinda mimba wao, binti aliyekuwa akiuza simu na vifuniko vyake kwenye kibanda cha sokoni, hakucheka. Aliichukua simu ya baba yake na kuiwekea programu.

"Baba, hii inakuuliza, wewe unaijibu. Ukikosea inakurekebisha, haikasiriki wala haikucheki."

"Na nikipatia?"

"Inapiga makofi."

"Kwa hiyo nimerudi kuwa mtoto wa kutambaa."

"Jaribu tu, baba. Kwa ajili yangu."

Kesho yake simu iliegemezwa pale pale juu ya rafu ilipokuwa redio, na karakana ikapata sauti ya tatu. Simu iliuliza kwa Kiingereza unaishi wapi. Swali akatema misumari kiganjani, akavuta pumzi, akaanza kulitafuta neno la kwanza. Kabla hajalipata, nyuma kwenye maranda Jibu alikwisha kueleza anaishi wapi, karibu na nini, na nani na nani. Simu ikapiga makofi.

"Shemeji, niache nijibu mwenyewe."

"Samahani. Mdomo umeteleza."

Simu ikauliza unapenda chakula gani. Mdomo wa Jibu ukateleza tena. Hakufanya kusudi. Mtu aliyejibu nusu ya maisha yake hawezi kusikia swali linaning'inia hewani akaliacha lianguke. Alijaribu kuuma penseli. Alijaribu kukata mbao wakati simu inauliza. Lakini swali likifika anaacha msumeno, analijibu, halafu anaomba radhi. Na simu, ambayo masikio inayo lakini macho haina, iliamini mwanafunzi wake ni mmoja, tena ni hodari. Ikampandisha darasa. Ikampandisha tena. Kila jioni ilimletea Swali picha ya kikombe cha dhahabu.

"Baba, unanishangaza," alisema binti, akiitazama simu hiyo. "Umefika hatua ambayo wateja wangu wa chuo hawajafika. Nitawaonyesha."

Swali alisema ahsante na kuinama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Mkewe, aliyekuwa karibu, alimtazama miguuni.

Jambo lililomuuma hasa lilitokea siku aliyotoka kununua uzi. Aliporudi, kabla ya kuingia, alimsikia Jibu anacheka. Simu ilikuwa imeshushwa kutoka kwenye rafu, imewekwa kwenye meza ya seremala, kati ya patasi na msasa. Ilikuwa inamuuliza Jibu habari za utotoni kwake. Ilimuuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Na Jibu alikuwa anajibu, si yale majibu ya mtu wa ofisini, bali maneno anayoyatafuta mwenyewe, anayapata, anayafurahia. Swali alisimama mlangoni na uzi wake. Miaka yote ile hakuwahi kumuuliza mwenzake jambo hata moja la namna hiyo, kwa sababu msafiri wa kwenye kaseti hakuwa na shughuli na mtu; shughuli yake ilikuwa treni.

"Naona umepata muulizaji mpya," alisema.

Jibu alishtuka kama mtu aliyekutwa na mguu ndani ya nyumba isiyo yake. "Nilikuwa naichangamsha tu isizime."

"Endeleeni. Msinijali. Nimefuata nyundo."

"Shemeji."

"Nimesema endeleeni. Hiyo haichoki, haina misumari mdomoni, na haikuulizi treni kila siku. Umepata afadhali."

Akajaza misumari shavu zima, mara mbili ya ile anayohitaji, akamgeuzia mgongo. Siku hiyo hakuuliza kitu, na ya pili yake hakuuliza kitu. Karakana ikawa na kelele za kazi tu. Mama wa vifungo alichungulia akauliza kama kuna msiba. Simu ilibaki kwenye rafu, ikitoa mlio wake mdogo wa kukumbusha kwamba muda wa somo umefika, na hakuna aliyeishika.

Watu hudhani kifaa kinaharibu urafiki kwa kufanya jambo baya. Hapana. Kinaharibu kwa kufanya vizuri jambo ambalo ulikuwa unalifanya wewe. Saa ya ukutani haikumtukana jogoo. Simu ile haikumtukana Swali. Ilikaa tu mahali pake, ikauliza vizuri kuliko yeye, na ikawa haimhitaji.

Asubuhi moja Jibu alikuja mbele, jambo ambalo hulifanya akileta fremu tu, na mikononi hakuwa na fremu. Aliichukua simu, akailaza kifudifudi, akaifunika kwa kipande cha sponji kama anayefunika sufuria ya maziwa.

"Toa misumari," alisema.

Swali aliinua nyusi.

"Toa, shemeji. Leo nauliza mimi."

Swali alitema misumari ndani ya kopo, mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayetaka ionekane kwamba hajaharakishwa. Jibu alikaa juu ya kochi lisilo na kitambaa, springi zikalia. Hakuwahi kuuliza kitu kwa Kiingereza tangu azaliwe. Maswali aliyajua kwa masikio, lakini yalikuwa mali ya mwenzake. Akaanza moja, likakwama. Akaanza upya. Lilikuwa swali linalochechemea, neno la mwisho limetangulia, la kwanza limesahaulika, mtu wa kwenye kaseti angelia kulisikia. Lakini lilifika. Alikuwa anamuuliza kwa nini alimwoa dada yake.

Kwa Kiswahili jambo hilo lisingeulizika. Shemeji na shemeji wataulizana habari za watoto, za paa linalovuja, za homa. Watatukanana mpaka jua lizame. Lakini hilo halikuwa na mlango. Kwa Kiingereza, lugha ambayo hawakulelewa ndani yake, hapakuwa na mzee wa kuwatazama kwa jicho kali. Swali alicheka. Kisha akaona mwenzake hacheki.

Shavu lake lilikuwa tupu. Alitafuta neno, akalipata, akatafuta la pili.

Alisema kwamba alikuja nyumbani kwao kurekebisha kiti cha baba yao. Alisema dada mtu aliambiwa amshikie ncha ya mkanda wa kubebea springi wakati yeye anauvuta kwenye fremu. Dada akamwambia umeuvuta upande. Akautazama, kweli ulikuwa upande. Hapo akatulia, kwa sababu neno lililofuata lilikuwa gumu, si kwa Kiingereza tu. Halafu akasema kwamba kiti kile kilikuwa cha kazi ya siku moja. Lakini kila siku alipomaliza, alikuwa analegeza kitu kimoja, ili kesho aitwe tena na ncha ya mkanda ishikwe tena.

Jibu akarudi kwenye Kiswahili.

"Baba alikufa akiamini wewe ni fundi mbovu."

"Najua."

"Alituambia sisi wote. Alisema, huyu tunampa binti kwa sababu ana heshima, si kwa sababu anajua kazi."

"Ningemwambia nini? Kwamba nilikiharibu makusudi?"

Wakacheka wote wawili, kile kicheko cha tumbo kinachomfanya mtu mzima afute macho kwa mkono wa shati. Wakati huo mkewe Swali aliingia na kapu la chakula cha mchana.

"Kuna nini?"

"Tunasoma," alisema Jibu.

"Kusoma gani huko kwa kulia? Na wewe mbona unanitazama hivyo?"

"Namtazama mwalimu wangu wa kwanza," alisema mumewe.

"Mwalimu wa nini?"

"Wa kunyoosha mikanda."

Aliwatazama kwa zamu, akaweka kapu chini, akasema umri umewafika vichwani, akaenda zake.

Kuanzia siku hiyo Jibu aliuliza kila siku. Aliuliza vibaya, na Swali alijibu vibaya, na kati ya ubaya huo mambo mengi yalisemwa ambayo yalikuwa yamengoja muda mrefu. Jibu alitaka kujua kwa nini Swali hakuja hospitalini siku mtoto wa kwanza wa Jibu alipofariki. Swali alieleza, kwa maneno machache sana, kwamba alifika mpaka getini, akakaa huko mpaka jioni, miguu ikakataa. Jibu alipiga randa muda mrefu baada ya hapo, ubao ukawa mwembamba hata haukufaa tena.

Tuseme haki: simu nayo haikutupwa. Swali alimwambia binti yake ukweli kuhusu vikombe vya dhahabu, binti akacheka, akaifuta programu na kuianzisha upya kutoka hatua ya kwanza. Kila asubuhi, Jibu akiwa amekwenda kuchagua mbao, Swali alikaa nayo peke yake. Hakuna binadamu ambaye angekubali kurudia neno moja mara zote zile bila kusonya. Ilimnyoosha ulimi, ilimpa salamu ambazo kaseti ilimnyima. Hilo iliweza. Ilimuuliza kila kitu kwa sauti ile ile tamu, chakula, mvua, baba, na maneno yakinyooka, hata yawe ya msiba, inakupigia makofi. Ndiyo maana akimaliza somo alikuwa anaifunika kwa sponji na kumngoja mtu.

Siku ya usaili wa pili Jibu hakununua karanga. Alikaa kwenye benchi la mapokezi mikono katikati ya magoti, kama mgonjwa ni yeye.

Ndani, mwanamke wa kwenye skrini alimuuliza Swali anafanya kazi wapi. Swali akanyamaza, kwa mazoea, kumpisha mtu. Safari hii alijipisha mwenyewe. Akasema anafanya kazi kwenye chumba chenye mlango wa bati, na shemeji yake. Akaulizwa anafanya nini, akaeleza springi, gunia, makumbi, sufi. Maneno mengine hakuyajua kwa Kiingereza, akayazunguka kwa mbali kama mtu anayezunguka dimbwi, akatokea ng'ambo. Akaombwa asimulie kazi moja anayoikumbuka. Akasimulia kiti cha baba mkwe. Alisimulia polepole, na muda ukaisha kabla hajafika kwenye harusi. Hakuuliza treni.

Alitoka amelowa kwapa. Msichana wa mapokezi alitazama skrini yake, akawageuzia waione. Ilikuwa kijani, ila kijani cha mwisho mwisho, kile cha jani linalotaka kukauka.

"Umepita, baba. Utakuwa kwenye ukumbi wa kazi. Mwenzako alama zake ni za juu, yeye atakuwa chumba cha juu, kupokea simu za wanunuzi na kusimamia oda zao."

Kwa hiyo walipita wote wawili, na kupita kwenyewe kukawatenga. Kiwanda kilipofunguliwa, Jibu aliyekuwa na mikono ya dhahabu kwenye mbao alipandishwa ngazi, akawekwa ndani ya chumba cha kioo, akavishwa shati jeupe na kidude cha kuongelea mdomoni. Swali alibaki chini na bunduki ya pini. Misumari mdomoni ilikatazwa, ni hatari, ilibandikwa hata picha ukutani. Shavu lake sasa lilikuwa huru siku nzima, na Kiingereza chake chote kilikuwa tayari kutoka, pande zote mbili. Lakini mashine zilinguruma hivi kwamba kila mtu alizibwa masikio, na aliyetaka kitu alinyoosha kidole. Ndiyo maendeleo, wanasema. Akiinua macho alimwona shemeji yake kwenye kioo, midomo inacheza, anajibu watu ambao hatakuja kuonana nao.

Hata juma la kwanza halijaisha, mashine zilipozimwa kwa ajili ya chakula cha mchana, Jibu aliteremka ngazi amebeba kiti chake cha ofisini kichwani, shati jeupe limechomoka.

"Shemeji, kiti hiki hakikaliki. Kinanikata mapaja."

Swali alikipindua, akakiminya kwa kidole gumba. "Hakina kitu ndani. Sponji tupu, tena ya vipande."

"Kinatengenezeka?"

"Kinatengenezeka. Siku moja tu."

"Siku moja," alisema Jibu, akamtazama.

"Tutaona kama itatosha."

Jibu alivuta kasha la vitambaa, akakaa juu yake, akakunja mikono ya shati. Swali akaanza kung'oa pini za chini ya kiti kwa bisibisi, moja moja, akizipanga sakafuni, kisha akakunjua mkanda mpya. Juu kwenye chumba cha kioo simu ikaanza kuita. Iliita, ikanyamaza, ikaita tena. Vijana waliokuwa wanakula walitazama juu, kisha wakamtazama mzee wa shati jeupe.

"Inakuita, mzee," alisema mmoja wao.

"Naisikia," alisema Jibu, akashika ncha ya mkanda ambayo Swali alikuwa anamnyooshea.